Hamira Haichaguliwi kwa Jina

Sisi wa Afrika ya Mashariki, tuliohesabu mali na madeni yetu kwa shilingi tangu mwaka 1921, tungeshangaa kuingia katika kilabu ya kale ya Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, tukamsikia mzee akimwagiza mhudumu ampe "themanini", bila ya kutaja bia wala kiwanda. Tungedhani anataja fedha, na kwa asili ya mambo tusingekosea. Maana katika karne ya 19 bia za Uskoti, zile za namna ya eli, zilitajwa kwa bei ya pipa: shilingi 60 kwa iliyo nyepesi, 70 kwa iliyoizidi, 80 kwa ile ya kusafirishwa ng'ambo, na 90 au zaidi kwa ile kali inayonywewa kwa vikombe vidogo. Bei hizo zilikufa zamani, na shilingi yenyewe iliondoka katika hesabu za Waingereza mwaka 1971, lakini majina yamebaki yakining'inia juu ya bia kama kibao cha duka lililokwisha kuhama. Nimeanza na habari hii kwa sababu inafunza kwamba jina la kitu laweza kuishi muda mrefu baada ya maana yake kwenda zake. Na hoja yangu leo ni juu ya jina jingine la sampuli hiyo, yaani jina lililopigwa chapa juu ya pakiti ya hamira.

Tangu mwaka 1880 hadi mwaka 1963 mtu wa Uingereza au wa Uskoti aliyetaka kupika bia nyumbani kwake alitakiwa na sheria awe na leseni. Leseni ilipofutwa, kazi ambayo bibi zao waliifanya kama kazi ya kawaida ya jiko ilirudi nyumbani, na leo yeyote mwenye sufuria kubwa, ndoo safi na kipimajoto aweza kupika lita 23 za bia kwa mchana mmoja. Wapishi hao wapya, wanapotaka kupika eli ya Kiskoti, swali lao la kwanza ni hili: nitumie hamira gani? Na jibu wanalopewa aghalabu ni jina: tafuta pakiti iliyoandikwa "Skoti", ukaimwage ndani, nawe umemaliza. Mimi nasema kwamba jibu hilo ni pungufu, na kwamba limeharibu bia nyingi za watu wenye nia njema. Hamira ichaguliwe kwanza kwa joto la chumba itakamokaa, pili kwa subira ya mtu atakayeitunza. Jina na lije nyuma ya hayo mawili.

Najua kwamba wengi katika wasomaji wangu dini yao imewakataza kileo, na sina kusudi la kumwita mtu kwenye kikombe. Namwita kwenye elimu, ambayo haikukatazwa. Kwani kiumbe ninayemzungumza, ambaye wataalamu humwita Saccharomyces cerevisiae, ni yule yule anayeumua vitumbua na mkate wa kumimina. Lugha yetu ilimjua zamani, ikampa majina mawili: hamira, neno tulilolipokea kwa Waarabu, lenye harufu ya jiko la mkate, na chachu, neno lililozaliwa na kuchacha, lenye harufu ya mtungi. Mama wa pwani anayeandaa mkate wa kumimina hamwulizi mwenye duka nasaba ya hamira yake. Hutazama hali ya hewa: siku ya jua kali hujua kwamba mchanganyiko utaumuka upesi na lazima awahi kuupika kabla haujawa mkali, siku za kipupwe huufunika, akausogeza karibu na jiko, akauongezea muda. Mama huyo, asiyepata kuonja bia maishani mwake, anajua tayari nusu ya ninayotaka kusema: kwamba hamira ni kiumbe hai, na kiumbe hai hutii mahali alipowekwa kuliko jina aliloitwa.

Uhai huo ulichukua karne nyingi kufahamika. Waingereza wa kale waliliona povu likitokea juu ya maji ya kimea bila ya mkono wa mtu, wakaliita kwa maneno yenye maana ya kwamba Mungu ni mwema, nami siwacheki. Katika miaka ya 1830 wanazuoni wa Ufaransa na Ujerumani walidhihirisha kwa hadubini kwamba povu lile ni jeshi la viumbe. Mwaka 1876 Louis Pasteur alitoa kitabu chake juu ya bia, akaonyesha jinsi wadudu wageni wanavyoiharibu. Na mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kumtenga kiumbe mmoja peke yake na kumzalisha hadi akatosha kupikia bia ya kiwanda kizima. Tangu hapo hamira ikawa na koo, na koo zikawa na majina, na majina yakawa bidhaa.

Sasa tuitazame bia yenyewe, ili tujue inataka mtumishi wa namna gani. Eli ya Kiskoti ni bia ya kimea. Shayiri iliyooteshwa na kukaushwa hulowekwa katika maji ya moto hata itoe utamu wake, na maji yale matamu, ambayo kwa ulimi wetu ni ndugu wa togwa, huchemshwa pamoja na hopi kidogo, ili uchungu uwe wa kuzuia utamu usichoshe, usiwe wa kutawala. Ile iitwayo ya shilingi 80 huanza na uzito, ukilinganishwa na wa maji, wa baina ya 1.040 na 1.060, ikaishia na kileo cha asilimia 4 hadi 6. Na ile ya vikombe vidogo huanza na 1.070 au zaidi, ikafika asilimia 6.5 hadi 10. Sifa yake ni ladha ya ukoko wa mkate na ya sukari iliyoungua kidogo, laini, isiyopigiwa kelele na kitu kingine.

Na hamira ina kelele. Mbali na kileo na hewa ya povu, kila ukoo wa hamira hutoa vitu vidogo vidogo vyenye harufu: esta, ambazo huleta ndizi mbivu, pea na tofaa, na vileo vizito, ambavyo huchoma koo na kuliamsha kichwa asubuhi na maumivu. Katika bia nyingi za Ubelgiji manukato ya namna hiyo hutafutwa kwa makusudi, na ni fahari ya mpishi. Katika eli ya Kiskoti ni dosari, kwa sababu yanamfunika yule ambaye karamu ilifanywa kwa ajili yake, yaani kimea. Bia hii inataka hamira ya adabu, inayofanya kazi yake, ikanyamaza, ikashuka chini.

Adabu hiyo, wasomaji wangu, nusu yake ni hulka ya ukoo na nusu yake ni ubaridi. Hamira iliyo katika joto huzaana kwa pupa na kula kwa pupa, na mabaki ya pupa hiyo ndiyo esta na vileo vizito. Iliyo katika ubaridi unaoistahamilia hula polepole, na maji hubaki safi. W. H. Roberts, aliyeandika kitabu mahsusi juu ya upishi wa eli ya Kiskoti, ambacho toleo lake moja ni la mwaka 1847, aliwasifu wapishi wa nchi ile kwa kuanzisha uchachukaji katika ubaridi wa nyuzi 10 hivi za Selsiasi, na kuungoja pengine hata wiki tatu. Sidai kwamba kila kiwanda kilifuata ada hiyo, lakini mtu aliyepata kuishi Edinburgh, ambako mchana wa Julai kwa kawaida haupiti nyuzi 19 na vyumba vya chini vya majumba ya mawe hubaki baridi mwaka mzima, hataona ajabu kwamba bia iliyozaliwa huko ilizoea utulivu. Hali ya nchi ilikuwa mpishi wa pili. Anayenunua pakiti huinunua hamira, lakini yule mpishi wa pili hauzwi katika pakiti.

Haya sikuyapata kwa kusoma peke yake. Bia yangu ya kwanza ya namna hii niliipika katika majira ya baridi, katika nyumba ya ghorofa ya tatu mtaa wa Leith mjini Edinburgh, na kwa kuwa nilizaliwa katika joto, niliuogopea ubaridi uhai wa hamira yangu kama mzazi anavyomwogopea mtoto. Niliiweka ndoo jikoni karibu na bomba la kupashia nyumba joto, nikaifunika blanketi. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 22, nami nikaridhika, maana pakiti, iliyoandikwa jina la Uskoti kwa herufi kubwa, iliruhusu hata nyuzi 24. Sikujua kwamba hamira inapofanya kazi huzalisha joto lake yenyewe, na kwamba ndani ya ndoo mambo yalikuwa yamepita nyuzi 25. Kwa siku mbili povu lilipanda kwa ghadhabu, siku ya tatu likatulia, nami nikasifu wepesi wake. Nilipoionja baada ya mwezi, nilikuta ndizi zilizopitiliza kuiva na ukali unaokwaruza koo. Kimea, ambacho nilikilipia, kilikuwa hakipo. Pakiti ilikuwa ya Kiskoti, lakini chumba changu hakikuwa.

Basi mtu achague vipi? Na atazame kwanza kipimajoto, si cha ukutani bali kilichobandikwa ubavuni mwa ndoo, kisha azilinganishe koo na alichokisoma. Ukoo wa maabara ya Wyeast nambari 1728, uitwao wa Kiskoti, hufanya kazi tangu nyuzi 13 hadi 24. Chini ya nyuzi 16 ni mpole mno, nao hubakiza katika bia unene unaopendeza, kwa kuwa hula sehemu 69 hadi 73 katika kila mia ya uzito wa sukari na kuacha iliyobaki. Ukoo wa maabara ya White Labs, WLP028, uitwao wa Edinburgh, hupewa na wenyewe mipaka ya nyuzi 18 hadi 21. Huo ni wa mtu mwenye chumba cha wastani kisichobadilika sana usiku na mchana. Na iko hamira kavu ya kampuni ya Lallemand iitwayo Nottingham, ambayo huvumilia hata ubaridi wa nyuzi 10, hukaa muda mrefu katika jokofu bila ya kudhoofika, na katika ubaridi hunyamaza kiasi cha kutosha kabisa kwa kazi hii. Ila yake ni kwamba inakula sana, ikaacha bia nyembamba. Lakini ila hiyo ina dawa, nayo ni kukiloweka kimea katika joto la juu kidogo, nyuzi 68 au 69, ili maji yake yawe na sukari ambayo hamira haiwezi kuimaliza.

Mwenye ghala la chini lenye nyuzi 13 au 14, basi, asihangaike: achukue 1728 au Nottingham, aende zake. Mwenye nyuzi 18 zisizoyumba achukue WLP028. Na yule ambaye chumba chake hakishuki chini ya nyuzi 22, nampa shauri ambalo bibi zetu wa pwani hawangelihitaji kuambiwa. Aiweke ndoo ndani ya beseni la maji, aivike kitambaa kilicholowa ambacho pindo lake limezama katika maji yale, na aiweke penye upepo. Maji yakitoweka kwa upepo hutoweka na joto, kwa siri ile ile inayoyapoza maji ndani ya mtungi wa udongo penye kivuli. Nyuzi kadhaa zitashuka, nazo zitamfaa kuliko pakiti ya bei kubwa kupita zote dukani.

Najua kuna watakaonipinga kwa hoja ya uaminifu. Watasema: eli ya Kiskoti iliyochachushwa na hamira yenye jina la Nottingham, mji wa Waingereza, si ya Kiskoti tena, ni kama pilau iliyopikwa bila ya bizari nzima, ikaitwa pilau kwa ukaidi. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa inatoka katika kupenda, lakini haisimami. Kwanza, hizo koo mbili zenye majina ya Uskoti na Edinburgh huzalishwa na kuuzwa na maabara za Marekani, moja katika jimbo la Oregon na ya pili San Diego, kwa hiyo uraia wao hauna haki ya kujigamba mbele ya mgeni. Pili, viwanda vya zamani vya Uingereza na Uskoti havikutumia ukoo mmoja uliotengwa kwa njia ya Hansen; vilitumia jumuiya ya koo nyingi zilizokaa pamoja, zikapokezanwa kutoka pipa hadi pipa, na pengine kuazimwa kutoka kiwanda jirani pale za nyumbani zilipougua. Anayefungua pakiti ya ukoo mmoja amekwisha kuiacha desturi ya kale, hata pakiti hiyo iwe na bendera ya Uskoti. Uaminifu unaobaki ni kwa tabia ya bia. Na kwa tabia, mgeni mpole katika chumba baridi ni Mskoti kuliko mwenyeji aliyewekwa karibu na moto. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kimea ndiye mwenyeji anayepona hapa.

Jina limefanya madhara mengine. Kwa sababu Uskoti ni nchi ya wiski, na baadhi ya wiski zake hunuka moshi wa mboji, wapishi wengi wa nyumbani wamejiaminisha kwamba eli ya Kiskoti nayo haina budi kunuka moshi. Wakatia kimea kilichofukizwa, au wakaisifu hamira fulani kwa kuzaa moshi wenyewe. Moshi haukuwa desturi ya eli za viwanda vya Edinburgh. Ni tashbihi iliyotoka katika jina la nchi, ikaingia katika sufuria; na hamira inayotoa harufu ya moshi au ya karafuu katika bia hii imekwenda kombo, au imeingiliwa na mdudu asiyealikwa.

Baada ya joto hufuata subira, ambayo ni haki ya hamira juu ya mpishi. Hamira ikianza kazi hutoa kitu chenye ladha ya siagi, mfano wa samli iliyoyeyuka, ambacho katika bia hii tulivu hujulikana kwa ulimi upesi sana. Rehema ni kwamba hamira ile ile iliyokitoa hukirudia na kukila mwishoni, ikiwa itaachwa kukaa. Lakini koo nzuri kwa eli hii zina hulka ya kushikamana na kushuka chini mapema, jambo linaloifanya bia ing'ae bila ya kuchujwa. Na zikishuka kabla ya kumaliza kazi, samli hubaki. Kwa hiyo mwenye hekima, kazi inapokaribia kwisha, huipandisha ndoo nyuzi mbili au tatu, akaiacha siku tatu au nne zaidi, hata kama povu limelala na moyo wake unamhimiza kujaza chupa. Ni mahali pamoja tu katika safari hii ambapo joto ni rafiki, na ni mwishoni, baada ya adabu kupatikana.

Wala hamira chache isitwishwe mzigo wa wengi. Pakiti moja ya hamira ya maji, yenye seli bilioni 100 hivi ikiwa mpya, ni haba kwa lita 23 za bia ya shilingi 80 iliyo katika ubaridi, na kwa ile ya vikombe vidogo ni dhuluma. Hamira yenye njaa ya wenzake huzaana kwa taabu, na taabu hiyo huonekana katika ladha. Izalishwe kwanza: chemsha lita moja ya maji na gramu 100 za unga wa kimea, yapoe, uitie humo, na siku ya pili utakuwa na jeshi badala ya kikosi.

Yule aliyenitoa katika ujinga alikuwa jirani yangu wa chini, mzee wa Kiskoti aliyepika bia katika ghala la mawe chini ya ngazi. Nilimpelekea chupa ya ile bia yangu ya ndizi. Akainywa hadi mwisho kwa taadhima, asiseme neno la kuniumiza, kisha akashuka ghalani, akarudi na chupa ndogo ya jemu iliyojaa uji mzito wa rangi ya maziwa. Ilikuwa hamira aliyoikusanya chini ya pipa lake. Juu ya karatasi iliyobandikwa palikuwa na tarehe, na chini yake nambari moja: 14. Nilimwuliza jina la ukoo wake, akasema amesahau, kwa kuwa ilikwisha kupita katika mapipa mengi mno. Lakini aliniamuru niirudishe karatasi ile juu ya chupa yoyote nitakayompa mtu mwingine, na niipikie ghalani kwake, si jikoni kwangu.

Niliipikia huko. Nilingoja siku 16, na bia iliyotoka ilikuwa na ladha ya ukoko wa mkate, tulivu, wala hapakuwa na ndizi wala ukali. Tangu hapo nimekwisha kugawa chupa nyingi za hamira kwa wapishi wachanga wanaonijia, na kila mmoja huuliza jina kabla ya kushukuru. Nami humjibu kwa kumwuliza chumba chake kina nyuzi ngapi, na kama hajui, humpa kipimajoto kwanza, nikamwambia arudi kesho kuchukua hamira.